Mfuniko wa Tangi la Takrima

Njia iliyomfikisha Mwinchande katika jiji la Takrima haitatushughulisha. Alikwenda, akapotea, akafika. Anayetaka habari za milima na mito akamuulize mwingine. La kujua ni kwamba alifika ana kiu, na kwamba kwao kazi yake ilikuwa ushenga. Watu walimtuma kuwaposea wake, naye alikuwa na ulimi laini hata wazazi wakali walimkubalia kabla kahawa haijapoa. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mwenyeji kwamba mchuzi umezidi chumvi. Jambo hilo alijivunia kuliko kanzu zake, na kanzu alikuwa nazo nzuri.

Takrima walimpokea kama ndugu aliyedhaniwa amekufa. Ngoma zilipigwa, vigelegele vikalia, akavishwa koja la asumini shingoni. Mbele ya wote alisimama mtu mnene mwenye joho la buluu, Mheshimiwa Madenge, Mkuu wa Idara ya Sifa za Maji.

"Karibu, bwana mgeni, karibu sana! Umetuchelewea. Kesho asubuhi utakunywa maji yetu ya bomba mbele ya Baraza."

"Nashukuru, mheshimiwa. Lakini kiu ninayo leo."

"Ya leo tutaituliza kwa dafu," alisema Madenge, na dafu likaletwa.

Njiani kwenda alikopangiwa kulala, Mheshimiwa alimweleza sheria ya nchi kwa sauti ya mtu asiyetarajia kubishiwa. Maji yote ya jiji yalitoka katika tangi moja kubwa kilimani na kuingia kila nyumba kwa bomba. Sasa, nani aseme kama maji hayo ni salama? Mwenyeji hawezi. Mwenyeji ana upendeleo: akiipenda nchi yake atayasifu, akigombana na jirani atayaponda. Mtu wa haki ni mmoja tu, naye ni mgeni. Kwa hiyo kila mgeni anayefika hupelekwa mbele ya Baraza, hunywa kikombe kimoja, hutoa neno lake, na neno hilo huwa ndiyo sheria mpaka aje mgeni mwingine. Akisema maji ni mazuri, tangi haliguswi, maana kulifungua tangi lililosifiwa ni kumwita mgeni mwongo, na Takrima hawana kosa kubwa kuliko hilo. Akisema ni mabaya, litafunguliwa lisafishwe.

"Na hilo la pili limewahi kutokea?" aliuliza Mwinchande.

"Halijawahi. Maji yetu ni mazuri."

Baada ya kusifu, aliendelea Madenge, mgeni huchagua zawadi moja, kitu chochote anachokitaka katika jiji zima, na kikiwa kizito hubebewa. Hanyimwi. Kisha hupelekwa mpakani kwa ngoma kabla ya jua la adhuhuri. Mwinchande alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliona ni nchi yenye adabu, na adabu ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alipangiwa kwa Bi Somoe, mjane mwenye nyumba safi na maneno machache. Humo Mwinchande alianza kuona mambo. Hakukuwa na bilauri wala chupa ya kioo hata moja. Vikombe vyote vilikuwa vya bati au udongo. Aliambiwa vyombo vya kioo vilipigwa marufuku zamani, kwa kuwa mtu anayeyatazama maji kabla ya kuyanywa anaonyesha dharau. Tena tangu aingie mjini hakuwa amemwona mtu hata mmoja aliyevaa nguo nyeupe. Alipomtolea Bi Somoe kanzu yake iliyojaa vumbi, mama yule aliipapasa kitambaa, akamrudishia.

"Kanzu nzuri hii, kaka. Usiifue hapa."

Alimpa chai, maziwa na supu ya samaki. Maji hakumpa. Mwinchande alipochungulia jikoni aliona birika kubwa likichemka, na ndani yake, peke yake kabisa, jani moja la chai linaelea.

"Chai yenu nyepesi, Bi Somoe," alisema kwa utani.

"Sema polepole, kaka." Mama alifunga dirisha. "Kuchemsha maji matupu ni kosa. Wanasema ni kuyatuhumu. Kuna askari wanapita wakinusa majiko, na wakikuta maji yanachemka bila kitu ndani unakamatwa. Lakini sheria haikusema majani mangapi."

Mwinchande alicheka. Bi Somoe hakucheka, akampelekea kikombe mtu aliyelala chumba cha pili. Huyo alikuwa Zamda, binti yake wa pekee, amekonda, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Jioni ile alikuja daktari, akamshika mkono, akamwangalia ulimi, akasema ugonjwa haujabadilika: ni mshawasha wa tumbo, unaowapata watu wenye wasiwasi mwingi. Tumbo kuharisha kwa sababu ya maji haiwezekani, kwa kuwa maji yameshasifiwa. Dawa ni kumpumzisha na kumnywesha maji mengi ya bomba, tena yasiyopitia motoni, nguvu yake isipotee.

"Ahsante, daktari," alisema Bi Somoe, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Aliporudi alikaa chini sakafuni karibu na kitanda cha mwanawe na kulia bila sauti. Mwinchande, ambaye alikuwa amekaa na wazazi wengi katika siku zao ngumu, aliona haya, akatoka.

Nje barazani alimkuta mume wa Zamda, kijana aitwaye Halifa, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo ataamka."

"Sijui, mzee. Wa nyumba ile pale hakuamka. Wala wa ile." Halifa alinyoosha kidole, kisha akakishusha. "Unajua nani alilifunga tangi lile? Mimi. Mimi ndiye mgeni aliyekuja kabla yako. Nilikunywa nikasikia harufu, nikatazama watu walivyonikunjulia nyuso, nikasema maji mazuri, ahsanteni. Ungesema nini wewe? Halafu nikaambiwa nichague zawadi. Nilikuwa nimeshamwona Zamda, naye ameshaniona, nikamwomba yeye, na kwa kuwa aliyeoa hapa hapelekwi mpakani, nikabaki. Alipoanza kuugua nilikwenda Baraza nikasema nafuta neno langu. Wakanijibu vizuri sana. Wakasema sasa mimi ni mwenyeji, nina upendeleo."

Mwinchande alivuta pumzi. "Basi kesho nitasema kweli. Nitasema ni mabaya."

"Haitasaidia. Kabla yangu mimi kulikuwa na mwingine aliyekunja uso akatema. Walikaa kikao wakaamua kuwa mgeni wa kweli ana adabu, huyu hana adabu, kwa hiyo si mgeni. Akatolewa na askari, na sifa ya zamani ikaendelea. Ukisifu, tangi linafungwa. Ukiponda, wewe si mgeni, na tangi linabaki limefungwa." Halifa alimshika mkono. "Mzee, Zamda hataishi mpaka aje mgeni mwingine."

Mwinchande alichezea ncha ya kikoi chake. Hakuzoea kushindwa barazani kwa watu.

"Lini naweza kuliona hilo tangi?" aliuliza.

Aliliona asubuhi, kwa hisani ya Mheshimiwa Madenge, ambaye alifurahi kumpandisha kilimani mwenyewe. Lilikuwa tangi la mawe, kubwa kama nyumba lakini limechimbiwa ardhini, limepakwa chokaa, na mdomo wake unaofika kiunoni umefunikwa kwa mfuniko wa mbao ngumu uliochongwa maua na kupigwa misumari ya shaba. Askari wawili waliulinda. Katikati ya mfuniko palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Tundu la nini, mheshimiwa?"

"La heshima," alisema Madenge kwa fahari. "Mgeni akishasifu, tunamvua koja lake la maua, tunalipitisha hapo likaingia majini, tukamiminia na marashi. Ili maji nayo yasikie yalivyosifiwa. Wageni wote waliowahi kuja, makoja yao yamo humu. Hakuna aliyesahauliwa."

Mwinchande alilitazama koja lake, ambalo usiku mmoja tu ulikuwa umeligeuza rangi ya kutu, na likaanza kunuka. Akautazama mfuniko kwa makini. Akauzunguka, akaupapasa maua yake, akausifia uchongaji. Uso wake ulikuwa umetulia sana waliposhuka.

Baraza lilikuwa limejaa. Kabla ya shughuli ya mgeni kulikuwa na hoja ya siku, na Mwinchande aliisikiliza yote. Wajumbe walikuwa wakibishana kama rangi inayobaki kwenye nguo baada ya kufua iitwe rangi ya asali au rangi ya chai. Upande wa asali ulisema jina hilo lina utamu na litawavutia wageni. Upande wa chai ulisema asali ni anasa na wananchi ni watu wa chai. Mjumbe mmoja wa nyuma alisimama akauliza kwa nini maji yawe na rangi yoyote; akaambiwa hilo halimo katika hoja, akakaa. Wote walikuwa wakinywa madafu. Madenge alimnong'oneza Mwinchande kwamba maji ya bomba ni ya wananchi na wageni. Viongozi wanajinyima.

Kisha baragumu likapigwa. Kikombe cha fedha kikaletwa kimefunikwa kitambaa. Bi Somoe alikuwa ameketi na wanawake upande wa kushoto. Halifa alisimama mlangoni, kwani hakutaka kukaa. Mwinchande alikipokea kikombe kwa mikono miwili kama inavyopasa. Harufu ilimfikia kabla ya maji: asumini iliyooza, na chini ya asumini kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Akanywa, akameza yote, akafuta midomo.

"Mgeni anasemaje?" aliuliza Spika, bibi mkongwe mwenye miwani, kioo pekee kilichoruhusiwa katika jiji zima.

"Maji mazuri," alisema Mwinchande. "Ahsanteni sana."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Madenge alifuta jasho na kumkumbatia. Halifa alijifunika uso kwa viganja. Bi Somoe aliinuka polepole, akajifunga khanga yake vizuri, akaanza kupenya katikati ya watu atoke, na Mwinchande aliumia kumwona mgongo wake.

"Na zawadi?" alisema Spika. "Chagua, bwana mgeni. Chochote."

Hapo Mwinchande alikohoa kidogo, akaweka kanzu yake sawa, na yeyote wa kwao angemwona angejua kazi imeanza. Kusifu hakukuwa kazi yake, wala kukosoa. Kazi yake ilikuwa kuomba.

"Waheshimiwa, wazee wangu, dada zangu. Mimi ni mpita njia tu, lakini mmenifungulia nyumba. Na mtu akifunguliwa nyumba macho yake hayatulii. Asubuhi ya leo nimepandishwa kilimani, nimeona kitu cha kwenu, kimetulia, kimelelewa vizuri, kimekaa ndani miaka mingi bila kutoka. Nimekipenda. Najua ni kipenzi chenu na kutengana naye ni uchungu. Lakini mlango wa kuomba mmeufungua wenyewe, nami naingia kwa adabu. Naomba mfuniko wa tangi."

Bi Somoe alisimama pale alipokuwa.

"Mfuniko?" Madenge alisema.

"Kwangu hakuna meza, mheshimiwa. Uchongaji ule utaipendezesha sebule yangu."

"Haiwezekani! Kulifungua tangi ni kumwita mgeni mwongo!"

"Mgeni ni mimi," alisema Mwinchande kwa upole, "na sijaona kama nimeitwa mwongo. Wala sifungui chochote. Nachukua zawadi yangu. Tangi lenu liko pale pale."

Madenge alimgeukia Spika. Wajumbe wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alitaka apewe mlango wa Baraza badala yake, mwingine apewe mfuniko wa sufuria, mwingine aliuliza kama mfuniko ni kitu au ni sehemu ya kitu. Mwinchande aliwaacha waseme. Alipoona wamechoka, akauliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayehuzunika:

"Au Takrima wananinyima?"

Neno hilo halikuwahi kusikika ndani ya ukumbi ule. Watu walitazama chini kama waliovuliwa nguo. Spika alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Sheria inasema chochote," alisema. "Na kikiwa kizito abebewe. Mgeni apewe mfuniko wake."

Jiji zima lilipanda kilimani na ngoma. Vijana wenye nguvu waling'oa misumari, Halifa akiwa mbele yao na nyundo, na mfuniko ukainuliwa ukawekwa kwenye majani. Jua likaingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu tangi lilipofunikwa.

Ngoma zilikatika. Waliokuwa mbele walirudi nyuma wakashika pua, na waliokuwa nyuma wakasukumana waje kuona. Makoja ya wageni wote waliowahi kusifu yalikuwa yamelala juu ya maji, tabaka kwa tabaka, yamekuwa tope jeusi lililotoa mapovu. Panya waliokuja kulalia maua yale walikuwa wamekufa humo humo. Popo pia. Maji yenyewe hayakuwa rangi ya asali wala rangi ya chai.

Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wenyeji, na mwenyeji hana haki ya kusema. Mgeni naye alikuwa ameshasema. Ilionekana kana kwamba watu wale wangeweza kusimama pale mpaka jua lizame, kila mmoja akiona, kila mmoja akingoja mgeni mwingine.

Bi Somoe alitoka katikati yao. Alichukua kata ya kunywea maji ya mmoja wa askari, akaichovya tangini kwa mkono wake mwenyewe, akaijaza, akamwendea Mheshimiwa Madenge. Akapiga goti kidogo, kama mwanamke mstaarabu anavyomkaribisha mkubwa.

"Karibu maji, mheshimiwa."

Madenge aliitazama kata. Ndani yake kulikuwa na jani la ua na kitu chenye miguu. Aliwatazama watu, na watu walikuwa wakimtazama yeye.

"Ahsante, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshiba."

Mtu mmoja alicheka. Kisha Bi Somoe mwenyewe, ambaye hakuwa amecheka tangu Zamda aanguke kitandani, alicheka mpaka kata ikamwagika, halafu akaacha kucheka na kusema kwa sauti iliyofika chini ya kilima: "Maji haya ni machafu! Mwanangu anakufa kwa maji haya! Mimi mwenyeji nasema!" Na mwenyeji mwingine akasema, na mwingine, na askari wawili wa tangi wakasema pia, maana nao walikuwa na watoto. Halifa alikuwa ameshavua shati na kuingia tangini na ndoo.

Mwinchande hakungoja. Sheria ilimtaka awe mpakani kabla ya adhuhuri, tena tumbo lake lilikuwa limeanza kumkumbusha kile kikombe cha fedha. Alibebewa mfuniko wake na vijana hadi mpakani, na huko njiani aliugua sana, akajilaza vichakani, akamlaani Madenge na adabu zake mwenyewe, akapona. Nyumbani aliuwekea miguu ule mfuniko na ukawa meza nzuri kweli. Wageni waliuliza lile tundu la katikati ni la nini, naye aliwaambia ni la heshima.

Kule Takrima tangi halikufunikwa tena kwa mbao, kwa kuwa hakuna sheria ya kurudisha kitu alichopewa mgeni. Waliweka wavu wa chuma. Yeyote aliyetaka alipanda akachungulia, na wengi walipanda.

Ulipita muda. Siku moja mchana watu wawili walipiga hodi kwa Mwinchande: Halifa, na mwanamke aliyenawiri ambaye mwenyeji hakumtambua mpaka alipotabasamu kama mama yake. Zamda alikuwa amevaa gauni jeupe pee. Kutoka kwenye kikapu alitoa chupa ya kioo, akaiinua dirishani ili jua lipite ndani yake, kisha akaiweka juu ya ile meza.

"Mama anakusalimu sana. Amesema unywe, useme."

Mwinchande alitafuta bilauri. Akamimina, akatazama, akanusa, akanywa taratibu. Alihisi lile neno la zamani, lile tamu la maisha yake yote, linampanda kooni. Akalimeza pamoja na maji.

"Yana ladha ya chuma kidogo," alisema. "Bomba limeanza kushika kutu mahali fulani."

Halifa alishtuka. Zamda alicheka, akaifunga chupa vizuri, akairudisha kikapuni.

"Tutawaambia," alisema.